"Dozi nilishamaliza, daktari"

Kauli hiyo naisikia dirishani karibu kila wiki. (Mimi ni mfamasia, lakini kwa wateja wetu kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, nami nimeacha kubisha.) Anayeisema mara nyingi ni mtu wa presha. Kashika cheti cha miezi minne iliyopita na kichwa kinamgonga. Zamani nilikuwa nikimwona mzembe. Siku hizi naona ametutii sisi wenyewe.

Wengi wetu neno dozi tumelijulia kwenye malaria. Dawa ya mseto ni vidonge 24 kwa mtu mzima, vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, kwisha. Ukikatisha siku ya pili unagombezwa: maliza dozi! Hata ya kifua kikuu ya kawaida, pamoja na urefu wake wa miezi 6, ina siku ya kumaliza. Halafu mtu huyo huyo tunampa amlodipini, dawa ya presha, ya siku 30, tunaandika 1x1 (kidonge kimoja mara moja kwa siku) kwenye kibahasha, tunamwambia "tumia dozi yako vizuri." Kaitumia. Kaimaliza.

Na mwili wake haumkanushi. Presha kwa kawaida haiumi. Tena nusu ya amlodipini iliyomo mwilini huchukua saa 30 hadi 50 kutoka, kwa hiyo anayeacha leo anaweza kupitisha siku kadhaa bila hata kipimo kubadilika sana. Anaamini amepona.

Basi kwa wa presha na kisukari nimeliacha neno dozi. Nasema "dawa yako ya kila siku," na tarehe ya kurudi naiandika kwa peni nyekundu, siku tano kabla vidonge havijaisha.

Sentensi nyingine iliyonitia aibu ni "baada ya chakula." Kuna mzee nilimwamkia, nikamuuliza, "Wiki iliyopita ulikosa siku ngapi?" Siulizi tena "unakunywa dawa?", maana jibu ni ndiyo siku zote. Akasema, "Marahaba mwanangu. Siku nisipopata chakula sinywi. Si umeandika mwenyewe?" Nilikuwa nimeandika kwa mazoea tu. Amlodipini haihitaji chakula. Metifomini, ile ya kisukari, ndiyo inayokihitaji, la sivyo tumbo linavurugika na mtu anaitupa.

Dawa za presha za kukojoza nazo zina visa vyake. Abiria wa basi la mbali haziwezi asubuhi ya safari, basi halimsubiri. Namwambia anywe akishafika, maadamu si usiku, kuliko kuiruka siku nzima. Kwa wanaofunga, kidonge cha mara moja kwa siku mara nyingi huhamia futari au daku bila tabu. Cha mara tatu kinataka mazungumzo na daktari kabla mwezi haujaandama.

Ila wapo wanaojua yote haya na bado wananunua vidonge saba badala ya thelathini, kwa sababu mfukoni ndivyo vinavyotosha. Kwao maneno yangu hayafui dafu. Ninachoweza ni kumwandikia daktari wake kikaratasi, kumuuliza kama ipo ya bei nafuu zaidi, na kwenye kibahasha cha vidonge saba nako kuandika tarehe kwa peni nyekundu.