Haki za maisha: mhalifu anapouza kisa chake, anauza nini?

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, kisa cha mwizi sugu hakilipiwi. Unakaa barazani, unaagiza kahawa, unapewa kisa kizima, na kila msimuliaji ana chake: huyu anasema jamaa alikimbilia Tanga kwa ngalawa, yule anaapa kwamba siku zote hizo alikuwa amejificha darini Mwembetanga. Hakuna aliyemwomba mwizi ruhusa. Sasa mtu akisikia kwamba kampuni ya filamu imenunua "haki za kipekee za maisha" ya jambazi fulani, na kwamba kampuni nyengine inatishiwa kesi kwa sababu imeitangulia, ana haki ya kuuliza: kilichonunuliwa hapo ni kitu gani?

Neno lenyewe linapotosha. Hakimiliki, ambayo hapa Zanzibar ina Sheria yake Namba 14 ya 2003, hulinda namna jambo lilivyoelezwa: maneno ya kitabu, sauti iliyorikodiwa, picha iliyopigwa. Tukio halilindwi. Kwamba duka lilivunjwa usiku wa manane na fulani akafungwa miaka saba, hilo likishatokea halina mwenyewe.

Kinachouzwa ni mdomo wa mtu na utulivu wake. Mhalifu anakubali kukaa na mwandishi na kumhadithia, kumpa barua na picha zake, na kutomhadithia mwengine. Halafu kinakuja kifungu ambacho wanasheria ndicho wanachokitolea jasho: anaahidi kwamba filamu ikimwonesha vibaya, hatokwenda mahkamani kudai amevunjiwa heshima au ameingiliwa faragha. Huo "upekee" unamfunga aliyetia saini tu. Haumfungi jirani yake, wala askari aliyemkamata, wala mtayarishaji wa pili aliyesoma jalada la kesi.

Kuna atakayesema basi ni kama kiwanja kilichouzwa mara mbili, na kesi za viwanja tunazijua vizuri. Lakini kiwanja kina mipaka, na akishajenga mmoja mwengine hana pa kujenga. Kisa kimoja hubeba filamu kumi. Mhalifu akiwauzia wawili, mnunuzi wa kwanza anamshitaki yeye kwa kuvunja mkataba. Yule wa pili anaguswa ikiwa alijua mkataba upo na akamshawishi muuzaji auvunje. Kama filamu yake ameitoa kwenye magazeti na hukumu, hadaiwi kitu.

Mwaka 2018 mahkama ya rufaa ya California ilisema hivyo waziwazi, ingawa aliyeshitaki hakuwa mhalifu. Alikuwa mwigizaji Olivia de Havilland, mwenye umri wa miaka 101, aliyelalamika kwamba ameigizwa kwenye tamthilia bila ridhaa yake. Mahkama ikasema watayarishaji huweza kununua ruhusa wakitaka, ila sheria haiwalazimishi. Basi kwa nini wananunua? Kwa sababu kesi hata ukiishinda inakula pesa, na makampuni ya bima hayapendi filamu yenye mtu hai anayenung'unika.

India wamelichimba jambo hili zaidi, na mwaka 1994 unatosha kulieleza. Mahkama ya Juu ya huko iliamua kesi ya gazeti la Nakkheeran, lililotaka kuchapisha maisha ya Auto Shankar, mfungwa aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji. Mahkama ikasema yaliyomo kwenye kumbukumbu za umma, zikiwemo za mahkama, yanachapishika bila ridhaa yake. Ukivuka hapo ukaingia mambo yake ya ndani, unaweza kuwa umemwingilia faragha. Mwaka huohuo Phoolan Devi, aliyekuwa kiongozi wa majambazi, alikwenda mahkamani Delhi kupinga filamu ya maisha yake iliyoongozwa na Shekhar Kapur. Kuwa na mkataba naye hakukuwasaidia sana watayarishaji. Alichokipinga ni namna udhalilishaji aliofanyiwa ulivyooneshwa, na mahkama ikaizuia filamu kwa muda. Mwisho walipatana, akalipwa. Wazee waliokuwa wakijazana kwenye jumba la sinema la Cine Afrique kwa picha za Kihindi watakubali kwamba kesi hii ingefaa kuwa picha yenyewe.

Kwa hiyo jambazi hapotezi utu wake kwa ujambazi. Katiba ya Zanzibar ya 1984 nayo inamlinda mtu na maisha yake binafsi, na haisemi kwamba mfungwa hamo.

Linalowaudhi watu zaidi ni pesa. Mtu aue, kisha alipwe kwa kusimulia? New York walitunga sheria mwaka 1977, baada ya kukamatwa David Berkowitz, muuaji wa watu kadhaa, ili malipo kama hayo yaende kwa waathirika. Mahkama ya Juu ya Marekani ikaifuta mwaka 1991, katika kesi iliyotokana na kitabu cha maisha ya Henry Hill, mhalifu wa genge la mafia, kwa hoja kwamba ilibana uhuru wa kusema kupita kiasi. Mimi naona hasira ya wale watunga sheria ilikuwa ya haki, ila kalamu yao ilikuwa pana mno: mtu aliyeungama wizi mdogo wa ujanani katika kitabu cha toba naye angenaswa.

Jini Popobawa, aliyewakosesha watu usingizi Pemba na Unguja mwaka 1995, ndiye pekee asiye na wakili wala warithi wa kuudhika.

Kwa binadamu wa kweli, tuseme kijana wa mitaa ya Ng'ambo hapa mjini ana kamera na amekubaliana na mtu anayetoka Chuo cha Mafunzo, kama tunavyoita jela hapa. Karatasi ikisainiwa, amempata huyo mmoja. Mwenye duka lililovunjwa ana kisa chake, sheha ana chake, mke aliyeachwa na watoto ana chake kikali kuliko vyote, na hao hakuna hata mmoja aliyetia saini.