Neva za Kusikia Zinapokosa Sauti Tangu Utotoni

Mtoto akizaliwa kiziwi, fikra zetu zote hukimbilia sikioni: seli zenye vinywele ndani ya koklea, sehemu ya sikio la ndani inayogeuza sauti kuwa ujumbe wa neva, hazifanyi kazi, basi. Mimi kazi yangu ni kuchunguza neva za kusikia, na kwangu hapo ndipo mambo yanapoanza. Seli za neva zilizokuwa zikingoja ujumbe kutoka sikioni zinafanya nini usipofika?

Nenda pale neva ya kusikia inapoingia kwenye shina la ubongo. Baadhi ya nyuzi zake huishia katika kiungo kikubwa ajabu (sinapsi, yaani mahali neva inapompa seli inayofuata ujumbe), ambacho mwanaanatomia Mjerumani Hans Held alikieleza mwaka 1893 na hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Ncha ya uzi hugawanyika matawi, yakaikumbatia seli pokezi kama vidole vilivyoshika mpira. Ukubwa huo si wa bure, kwa kuwa seli hii hutunza wakati. Ili kujua sauti imetoka kulia au kushoto, ubongo hulinganisha muda wa kufika kwake katika kila sikio, na kwa binadamu tofauti hiyo haifikii hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ujumbe ukiyumba kidogo tu, hesabu imeharibika.

Mtafiti David Ryugo na wenzake wamekitazama kiungo hicho kwa hadubini ya elektroni katika paka weupe waliozaliwa viziwi. Matawi yamepungua. Vijifuko vinavyobeba kemikali za ujumbe ni haba. Ng'ambo ya pili, kwenye seli pokezi, yale mabaka yenye vipokezi (vinavyopokea kemikali hizo), ambayo kwa paka anayesikia ni madogo na yamebinuka, yametanuka na kuwa bapa. Nionavyo mimi, seli inatandaza kila ilicho nacho ikitafuta ishara isiyokuja. Haijafa, imejipanga upya kwa ajili ya ukimya.

Habari njema ilitoka mwaka 2005. Timu hiyohiyo iliwawekea paka wadogo viziwi kipandikizi cha koklea, kifaa kinachosisimua neva ya kusikia kwa umeme, na baada ya neva kusisimuliwa hivyo kwa muda, mabaka yale yalirudia umbo lililokaribia la kawaida.

Lakini umri una neno lake. Ukimwondolea gerbili (mnyama mdogo afananaye na panya) koklea katika wiki yake ya kwanza ya uhai, seli nyingi za sehemu ile ya shina la ubongo inapoingia neva hufa. Siku chache tu baadaye, upasuaji uleule hauui karibu yoyote. Kwa watoto, mtafiti Anu Sharma amepima mawimbi ya umeme ya gamba la ubongo yanayoitikia sauti baada ya kipandikizi: waliowekewa kabla ya miaka 3 na nusu, mawimbi yao kwa kawaida huwiana na ya watoto wanaosikia, waliowekewa baada ya miaka 7, mengi hubaki yakichelewa.

(Hapa naongelea njia ya sauti tu. Lugha ni suala jingine: mtoto anayeanza lugha ya alama mapema anapata lugha kamili, awe na kipandikizi au asiwe nacho.)

Ndiyo maana aliyepoteza usikivu ukubwani, baada ya miaka mingi ya kusikia, mara nyingi huelewa maneno kupitia kipandikizi vizuri kuliko mtu mzima wa rika lake aliyezaliwa kiziwi, ingawa kifaa ni kilekile. Njia zake za neva zilishajengwa na sauti.