Ski ngumu siyo lazima iwe ski ya nguvu

Kuna jibu nimelisikia mara nyingi mno. Mtu anauliza ski gani ya friraidi (ski ni ubao mrefu wa kufunga mguuni na kutelezea kwenye theluji) ina nguvu ya kumpitisha kwenye poda, yaani theluji mpya iliyo laini, na pia kwenye theluji ambayo wenzake wameshaivuruga, na hapo hapo anajibiwa chukua hii, ngumu hiyo, hata uikandamize vipi haipindi, ina nguvu balaa. Anaichukua. Asubuhi kwenye poda safi anafurahi, saa tano ikifika theluji imeshakuwa mabonge mabonge na ile ski inaanza kumrusha huku na huku, mapaja yanawaka moto, na yeye anaamini shida ni kwamba hana mazoezi. Shida siyo yeye. Aliuliza nguvu, akapewa ugumu.

Maana yenyewe tuimalize haraka. Friraidi ni kuteleza nje ya njia zilizosawazishwa na mashine, mlima ulivyo wenyewe, na miamba yake na miti yake na makorongo yake, bila vigingi vya kukuonyesha upite wapi. Ski ya friraidi ni ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kiuno chake (pale chini ya buti) kwa kawaida kina upana wa kama milimita 95 hadi 120, wakati ski ya mashindano ya slalomu (mbio za kupinda kati ya vigingi) iko chini ya milimita 70. Ski ya nguvu ndani ya kundi hilo ni ile inayoshika mwelekeo wake na kubaki imetulia chini ya mguu ukiwa kwenye kasi kubwa juu ya theluji isiyo sawa. Basi. Neno ugumu halimo kwenye maana hiyo na nimeliacha makusudi.

Upana nao siyo nguvu, ingawa unachanganywa hivyo hivyo. Upana ulikuja kwa sababu ya poda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Rupert Huber wa kampuni ya ski ya Atomic, Austria, alikuja na ski pana za kwanza za poda zilizopata soko, na inasimuliwa alianza kwa kupasua katikati snoubodi, ule ubao mmoja mpana wa kusimamia kwa miguu yote miwili. Halafu mwaka 2002 ikatoka Volant Spatula, wazo la mtelezaji Shane McConkey, ski ambayo sehemu yake pana kabisa ilikuwa katikati na ncha na mkia vyote vimepinda kwenda juu, kitu alichokiona kwenye ski za kutelezea majini. Kuanzia hapo suala la kuelea likawa limetatuliwa kwa kiasi kikubwa. Theluji mpya iliyo kavu inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 tu kwa kila mita ya ujazo, yaani sehemu kubwa yake ni hewa, kwa hiyo unachohitaji ni eneo kubwa la kukanyagia na ncha inayopanda juu badala ya kuchimba. Uzito hapo haukusaidii sana. Ugumu wa ncha ndiyo kabisa, unaweza hata kukuharibia, maana ncha isiyopinda inatafuta kuzama. Ndiyo maana mtu akijaribu ski tano kwenye poda ambayo haijaguswa anarudi anasema zote nzuri, na hadanganyi, zote nzuri kweli kwenye theluji hiyo.

Tofauti inakuja watu wakishapita. Tazama kwa karibu mteremko uliopitwa na watu hamsini hivi: kuna mfereji uliokwanguliwa mpaka kwenye theluji ngumu ya zamani, pembeni yake kuna bonge la theluji iliyosukumwa ikashindiliwa kidogo, kwa ujazo uleule ni zito kuliko poda ya asubuhi mara mbili au tatu, halafu kuna kipande kidogo cha poda kimebaki hakijaguswa, halafu mfereji mwingine umekatiza kwa mshazari. Sasa pita hapo kwa kilomita 60 kwa saa. Hiyo ni karibu mita 17 kwa sekunde, na kama mabonge yamepishana mita mbili mbili basi unagonga nane kila sekunde na wala hayafanani, hili laini linakuvuta nyuma, lile zito linasukuma ncha ya kushoto pembeni, mfereji unaiachia ncha ya kulia idondoke ghafla. Hakuna binadamu wa kujibu kila pigo kwa mguu wake kwa mwendo huo. Mengi lazima yaishie kwenye ski kabla hayajafika kwenye buti.

Na yanaishia vipi? Kwanza kwa uzito, hasa uzito ulioko mbele. Watu wanapiga hesabu kwamba ski ya kilo 1.8 na ya kilo 2.4 zinatofautiana kwa gramu 600 tu, na mtelezaji mwenyewe ana kilo 80, sasa gramu 600 ni nini. Hesabu hiyo inasahau kwamba bonge haligongi mwili wako, linagonga ncha, na ncha ndiyo inayotakiwa ikatae kugeuzwa. Ukaidi wa ncha dhidi ya kuzungushwa unaenda kwa umbali katika kipeo cha pili: gramu 100 zilizokaa sentimita 90 mbele ya buti zina ukaidi mara 9 ya gramu 100 zilezile zikiwa sentimita 30 mbele yake. Kwa hiyo swali la ski ina uzito gani ni nusu ya swali, nusu nyingine ni uzito huo umekaa wapi.

Pili kwa kumeza mtikisiko. Ski ikigongwa inatetemeka, na mtetemo huo ama unafia ndani yake ama unakuja mguuni kwako na kuondoa ukingo (makali ya pembeni ya ski) kwenye theluji. Kinachouua ni mbao nzuri ya kiini, tabaka nyembamba za raba, na namna vyote vilivyogundishwa. Lori tupu na lori lenye shehena yakipita barabara ileile ya makorongo, springi ni zilezile na bodi ni ileile, lakini moja linaruka na jingine linatembea. Ukizikaza zaidi springi za lile tupu halitatulia, litazidi kuruka.

Hapo ndipo kilipo kisa chote. Ugumu ni jambo jingine kabisa, ni jibu la swali moja tu, ski hii inahitaji kusukumwa kwa kiasi gani ndiyo ipinde. Na ugumu ni rahisi kuupata bila uzito. Unene ukiongezeka mara mbili, ugumu wa kupinda unapanda mara 8, kwa hiyo kiwanda kinachukua mbao nyepesi, kinaiacha nene kidogo, kinaifunika kwa nyuzi za kaboni na tayari kina ski ngumu sana ambayo unaibeba kwa vidole viwili. Kwa kupanda mlima kwa miguu ni baraka. Kwa mabonge ya saa tano ni mateso, maana ncha ngumu na nyepesi haipindi ikalipita bonge wala haina uzito wa kulipasua, inalolijua ni kuruka pembeni, na kaboni inarudisha pigo upesi. Ipanue hadi milimita 120 na bonge limepata eneo kubwa zaidi la kusukuma.

Niguse na Titanal kwa sababu nayo inaingizwa kwenye mkanganyiko huu huu. Unasikia ski ina titani ndani, ndiyo maana ngumu, ndiyo maana ina nguvu. Titanal ni aloi ya aluminiamu yenye zinki, magnesi na shaba, inatengenezwa na kampuni ya AMAG kule Austria, na ndani ya ski inakaa kama karatasi nyembamba isiyofika hata milimita 1. Inasaidia, tena sana, lakini siyo kwa sababu ya ugumu peke yake: inaleta uzito, inazuia ski isijinyonge, na mara nyingi imelaliwa na raba ambayo inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyoisifia. Ndiyo maana kuhesabu karatasi (hii ina mbili, ile ina moja) hakukuambii mengi kama hujui karatasi zimefika wapi na zimepakana na nini.

Ukizipanga ski zenyewe unaona jambo linavyokaa. Blizzard Cochise 106 ina karatasi mbili za Titanal na uzito unaozidi kilo 2 kwa kila moja, na Völkl Katana 108 vilevile imezidi kilo 2, ila Titanal yake imewekwa kama fremu inayozunguka kingo. Hizo mbili ni ngumu na zina nguvu, na nadhani ndizo zilizowafundisha watu kuamini kwamba hayo mawili hayaachani. Sasa weka pembeni yake Head Kore 111: kiini chepesi cha karuba (aina ya mbao nyepesi) na kaboni, ngumu kweli ukiishika, nyepesi kwa saizi yake, na mtelezaji mwenye miguu mizuri anaifurahia sana kwenye theluji laini, lakini kwenye mabonge mazito inataka uiongoze kila wakati. Ngumu ndiyo, ila utulivu wa Cochise hauko pale. Halafu geukia Dynastar M-Free 108. Hiyo ncha yake inapinda, mkia umeinuliwa, wanaoruka na kuzunguka hewani wanaipenda, karatasi ya Titanal haina, lakini kiini chake kimechanganya mbao na poliurethani (aina ya plastiki) na uzito wake siyo haba. Inatulia kwenye vurugu kuliko sura yake inavyokuambia. Atomic Bent Chetler 120 iko upande mwingine kabisa, pana, nyepesi, inageuka kwa wazo tu, kwenye poda nzito ya msituni ningeichagua mbele ya Katana bila kusita, ila ukishaanza kukimbiza kwenye mteremko uliochakazwa itakuomba upunguze mwendo.

Mahali pa kufunga baindingi (kishikizo cha buti kwenye ski) nako kunabadilisha mambo kuliko watu wanavyokubali. Ski zilizokusudiwa kwenda mbele tu kwa kasi buti linakaa sentimita 9 hadi 11 nyuma ya katikati, ndiyo unapata ncha ndefu ya kutangulia kupigana na mabonge. Ski za kuchezea, sentimita 3 hadi 6. Mtu anaisogeza mbele ili igeuke upesi, halafu analalamika haitulii, na hapo ameshaikata ncha yake mwenyewe.

Ile tabia ya kuikandamiza ski kwa mkono, mkia chini, mkono mmoja kwenye ncha na mwingine unasukuma katikati, mimi sina ugomvi nayo. Inakuonyesha ugumu na inakuonyesha umegawanyika vipi, na mgawanyo ndiyo wenye faida: ski nyingi nzuri za kazi hii ni ngumu chini ya buti na mkiani pa kutulizia baada ya kuruka, halafu zinalegea kadiri unavyoenda mbele ili ncha ikutane na bonge na kupanda. Ngumu sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho ni kitu cha wachache. Lakini mkono hauwezi kukuambia utulivu. Shika ski kiunoni iache ining'inie, igonge ncha kwa ngumi, sikiliza. Kuna zinazotoa mlio mzito unaokatika papo hapo, na kuna zinazoendelea kutetema mpaka unaisikia kwenye kiganja. Siyo kipimo cha maabara ila kinagusa kile kitu chenyewe. Na uipime kwenye mizani, moja moja, namba zinazoandikwa na kiwanda zinapishana na ski halisi.

Nguvu ina gharama zake na sizifichi. Ncha nzito inachelewa kugeuka kati ya miti, inachosha hewani, na kwenye mwendo mdogo ski ya aina hiyo imelala tu, haina raha yoyote. Mtu anayeteleza taratibu kwenye poda ya msituni hahitaji nguvu hiyo na hajapungukiwa na kitu.

Ninachoomba kwenu mnaojibu maswali haya ni hili. Anapokuja mtu mwepesi, ana kilo 55 au 60, akauliza ski ya nguvu, jibu ambalo amezoea kulipata ni kwamba hizo siyo za kwako, hutaweza kuzipinda, chukua nyepesi. Nusu ya kwanza ni kweli, ile ngumu hataipinda. Lakini mwili mwepesi ndiyo unaorushwa zaidi na mabonge, hana kilo 90 za kumkandamiza chini, kwa hiyo ski nyepesi ndiyo inamwongezea taabu ileile aliyokuja nayo. Mwambieni atafute yenye upindaji wa wastani, urefu usiomzidi, uzito wa kutosha mbele na raba ndani. Hiyo nayo ni ski ya nguvu, na ataweza kuipinda.