Sanduku la Fundi: Tunayoambizana na Ukweli Wake

Sisi mafundi bomba wa Dar es Salaam tunaolalamika mgongo, lawama tunaitupia kazi ya kuinama chini ya masinki. Mimi nailaumu zaidi safari ya kutoka kituo cha daladala hadi kwa mteja, sanduku la chuma likining'inia mkono mmoja. Na mengi tunayofundishana kuhusu kubeba hayako sawa.

"Kilo ishirini ni kilo ishirini, bebea utakavyo." Mizani itakubali, mgongo hautakubali. Kanuni ya kuinua mizigo iliyotolewa mwaka 1991 na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaanzia kikomo cha kilo 23, tena mikono ikiwa sentimita 25 tu mbele ya vifundo vya miguu. Isogeze hadi sentimita 50, kiwango kinashuka mpaka kilo 11.5. Kwa hiyo hata ule ushauri wa "chuchumaa, usiiname" ni nusu tu. Ukichuchumaa na sanduku pana likabaki mbele ya magoti, bado umelibeba mbali.

"Sanduku moja ni rahisi kuliko mizigo miwili." Ni rahisi kuhesabu vifaa, basi. Uzito ukilalia upande mmoja, misuli ya upande wa pili huvuta kwa nguvu ili usipinde, na mvuto huo nao unaukandamiza uti wa mgongo. Wachukuzi wa maji wa pwani walitumia mzega: mti begani, debe mbele, debe nyuma. Nami nikaligawa sanduku langu katika ndoo mbili za rangi za lita 10, renchi na nyundo huku, fitingi na msumeno kule.

Shida ikahamia vidoleni, maana waya wa ndoo unakata. Nilichukua mpira wa maji, nikakata kipande cha upana wa kiganja, nikakipasua kwa kisu upande mmoja, nikakivika kwenye waya na kukikaza kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Mshikio mnene hutandaza uzito kiganjani. Kwenye ghorofa, ambako mkono mmoja lazima ushike reli, natumia begi la mgongoni. Nilijifunza hivyo baada ya mshikio wa sanduku la plastiki kukatika nikiwa ngazini, spana zikaporomoka hadi chini. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtoto pale.

"Weka magurudumu, umemaliza." Kwenye lami, ndiyo. Mchangani, vigurudumu vya kiti cha ofisi huzama na kugeuka breki. Yanahitajika makubwa na mapana, kama la toroli, na ukifika kwenye ngazi utayabeba nayo.

Mkanda wa kiunoni, ule wa kukaza mgongo unapoinua mzigo? NIOSH hao hao walisema mwaka 1994 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa unamkinga mfanyakazi ambaye hajaumia asiumie. Tusiuvae ili tuongeze mzigo.

Kichwani napo pana mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kuwa wanawake wa Kiluo na Kikikuyu waliozoea waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila kutumia nishati ya ziada. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kilo 14. Lakini kilichopimwa ni nishati, si usalama wa shingo, na wale wana ujuzi wa miaka. Kijana anayejitwika sanduku la chuma la kilo 25 bila hata kata ya kitambaa kichwani asijifananishe nao.

Langu nililipima dukani kwa muuza vyuma chakavu: kilo 24. Siku hizi, kabla sijatoka, namwomba mteja anitumie picha ya panapovuja. Mara nyingi picha hiyo inatosha kuiacha nyumbani renchi ya inchi 24, ambayo peke yake inazidi kilo 4.