"Fundi, umeniletea nini Denver?"

Tangu nirudi kutoka Denver, Septemba 2024, swali ni hilo kwa hilo. Niko juu ya ngazi Kizingo, hapa Mombasa, nafunga dishi, mwenye nyumba yuko chini ameshika kiuno: "Fundi, sasa sisi umetuletea nini?" Nikipita Markiti kununua tangawizi, muuzaji ataka kujua TV za huko bei gani. Juma lililopita nimeulizwa mara tatu siku moja, na mara ya tatu ilikuwa matangani, tumekaa mkekani twangoja kahawa. Nikaona kheri niandike mara moja, na atakayeuliza tena nimpe hii asome.

Nilikokwenda ni CEDIA Expo, maonyesho ya mafundi wa kufunga elektroniki majumbani: sinema za nyumbani, spika za dari, kamera, mitandao, taa na mapazia ya kuendesha kwa simu. CEDIA ni chama cha watu wa kazi hii, kilianzishwa Marekani mwaka 1989. Maonyesho yenyewe huhamahama. Yamewahi kuwa Indianapolis, San Diego na Dallas, na safari hii yalikuwa Denver, jimbo la Colorado, Alhamisi hadi Jumamosi.

"Si kama sho ya ASK tu, yale maonyesho ya kilimo?"

La. Sho ya ASK pale Mkomani unalipa langoni, unaingia na watoto, unaangalia ng'ombe wa gredi, ukitoka una aiskrimu mkononi na sufuria kwapani. Denver ni ya watu wa kazi. Unajiandikisha kwa jina la biashara yako, unavaa beji shingoni. Mabanda hayauzi rejareja. Ukiuliza bei ya skrini iliyojaa ukuta mzima, unaulizwa wewe wafunga wapi na msambazaji wako ni nani. Nilirudi na vipeperushi, fulana mbili na nyayo zilizovimba. Faida kubwa iko kwenye madarasa, ambako mtu anakufunza jinsi ya kupanga raki, lile kabati la vyombo, isichemke au jinsi ya kupima sauti ya chumba. Hayo hayaingii katika begi la kuletea watu zawadi.

"Cha Marekani ndicho orijino"

Hapa ndipo ninapochomeka. Hata ningeruhusiwa kununua Denver na kujaza kontena, nisingewaletea, na sababu si uchoyo.

Kuna mzee wangu mmoja wa Tudor, namheshimu kama baba. Mwanawe yuko Marekani. Mwaka jana alimtumia TV ya inchi 65, spika ndefu ya kuweka chini ya TV, ekstensheni yenye kinga ya radi, na swichi sita za taa za kuendesha kwa simu. Mzee akanipigia: "Njoo ufunge, mwanangu. Hivi si vile vya Mwembe Tayari." Nikageuza katoni ya TV nikamsomea: imetengenezwa Mexico. Akanyamaza kidogo, kisha akasema Mexico si ni hapo hapo tu.

Tuanze na stima. Marekani soketi ya ukutani ina volti 120, hezi 60, yaani stima hupiga mizunguko 60 kwa sekunde. Yetu ina volti 240, hezi 50. Chaja ya simu na ya laptopu haijali, kwa kuwa imeandikwa 100-240V. Lakini vyombo vingi vinavyouzwa Marekani ni vya soko la Marekani peke yake. Nyuma ya ile TV paliandikwa AC 110-120V, nacho kiplagi cha kugeuzia pini alichonunua mzee hakigeuzi volti hata moja. Ningeichomeka ingepiga "paa!" mara moja, harufu ikakaa sebuleni hadi Ijumaa. Kwa hiyo ikabidi transfoma ya kushushia volti, na transfoma yenyewe iwe na wati nyingi kuliko chombo itakachobeba, si ile ndogo ya wati 100 ambayo watu hununua halafu wakashangaa mbona yanguruma na kuunguza vidole.

Haya, TV imewaka. Mzee akasema sasa tafuta taarifa ya habari. Nikatafuta. Hakuna stesheni hata moja. Marekani hurusha matangazo ya TV kwa mfumo wa ATSC, na Kenya, tangu tuhamie dijitali na analogi kuzimwa mwaka 2015, hutumia DVB-T2. Kipokezi kilichomo ndani ya TV ile hakijui lugha ya mawimbi yetu, hata ukiipandisha aerial juu ya mnara wa msikiti. Dawa yake ni kingamuzi cha pembeni na waya wa HDMI. Yaani umelipia TV, umelipia mzigo, umelipia transfoma, na bado unanunua kile ambacho TV ya dukani hapa tayari iko nacho ndani.

Ekstensheni ndiyo iliyonitisha zaidi, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana hili si la fedha, ni la moto. Ndani ya ekstensheni ya kinga ya radi mna kitu kiitwacho varista. Kazi yake ni kukaa kimya volti zikiwa za kawaida, zikipanda mno ijitoe mhanga imeze ziada. Stima ya volti 120 kilele chake ni kama volti 170. Ya kwetu ya 240 kilele chake kinakaribia 340. Varista iliyopimwa kwa ajili ya Marekani ukiichomeka Tudor inaona stima yetu ya kila siku ni radi isiyokwisha. Inaanza kumeza, inachemka, plastiki inayeyuka. Mimi niliikata waya mbele ya mzee ili hata mjukuu asije akaijaribu. Alikasirika. Ningemwomba radhi kwa mengine yote, kwa lile hapana. Ukitaka kinga, nunua gadi ya TV na ya friji za hapa, zinazosubiri stima irudi na itulie ndipo ziwashe, na kwanza kabisa hakikisha nyumba ina waya wa arthi uliofika ardhini kweli. Nimefungua soketi nyingi za mji huu nikaukuta waya wa arthi umekatwa na kufichwa nyuma kama aibu ya familia.

Swichi sita hazikufungwa. Boksi la swichi la Marekani ni jembamba la kusimama, letu ni la mraba. Tena swichi nyingi za namna hiyo zataka waya wa nyutro, ule wa kurudishia stima, ndani ya boksi ili zipate kuishi taa ikiwa imezimwa, na nyumba zetu nyingi boksi la swichi lina waya wa stima unaoingia na unaokwenda taa, basi. Ungelazimika kupasua ukuta kutafuta nyutro, kwa ajili ya swichi ambazo volti zake si zetu.

Mteja mwingine, wa Mji wa Kale, aliletewa mashine ya santuri. Akaipa transfoma, volti zikawa sawa, akaweka santuri ya taarab ya marehemu nyanyake. Mwimbaji wa kike akatoka na sauti ya baharia mwenye mafua. Transfoma hushusha volti, haigusi hezi. Mota ya mashine ile ilikuwa ya kufuata hezi za stima, na 50 ukigawa kwa 60 unapata mwendo uliopungua moja ya sita. Alicheka hadi machozi, alhamdulillahi, maana wengine hapo wangesema fundi ameiharibu.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. TV ya volti 240, yenye DVB-T2 na warranti ambayo duka lake liko Moi Avenue au Digo Road, ukienda wanakujua, ina faida kwako kuliko iliyovuka bahari. Aliyeko ng'ambo akisisitiza kukusaidia, atume pesa.

"Mbona kwenye video za Marekani waya zinapotea ukutani kwa nusu saa?"

Kwa sababu ukuta wenyewe hauna kitu ndani. Nyumba nyingi za Marekani ni fremu za mbao zilizofunikwa mbao za jasi, ile jipsam tunayoweka darini. Huko Denver nilimtazama kijana akitoboa tundu, akateremsha waya ndani ya uwazi, akautoa chini kwa ndoana, kazi kwisha. Njoo naye hapa umpe ukuta wa matumbawe. Nyumba za kale ukuta una unene wa mkono mzima, jiwe na chokaa. Ukitoboa, chokaa inamung'unyika na skrubu fupi inatoka na TV yako. Inataka chuma kirefu kifike kwenye jiwe. Na nyumba mpya za Nyali na Bamburi za mawe na saruji, waya hupita kwenye paipu iliyolazwa kabla ya plasta. Mteja huniita rangi ikiwa imeshapakwa, mapazia yametundikwa, ndipo aseme waya zisionekane. Niite siku fundi mwashi anapofika kwenye linta, juu ya milango na madirisha. Wakati ule paipu moja ya ziada nyuma ya TV ni bei ya sahani ya biriani.

"Siku hizi kila kitu ni bila waya"

Ukumbi mzima wa Denver ulijaa watu wanaouza waya. Spika isiyo na waya ina waya wa stima. Kamera ya WiFi pia. WiFi yenyewe ikigonga ukuta wa matumbawe mara mbili inabaki jina, kwa hiyo kila ghorofa ya nyumba kubwa nataka kituo chake, na kila kituo kifikiwe na kebo ya mtandao, ile ya Cat6. Kebo iwe ya shaba tupu. Iliyojaa madukani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ikwaruze kwa wembe, ukiona weupe irudishe. Kwa hewa yetu ya chumvi ncha zake huoza, na ukiipitishia stima ya kamera inachemka. Nimeshaimaliza sauti yangu kwa jambo hili.

"Denver hakuna hewa, ulipumuaje?"

Mji unaitwa wa maili moja, yaani mita 1,609 juu ya bahari, na kuna kidato katika ngazi za bunge la jimbo kilichochongwa maneno ya kuthibitisha hilo. Lakini Nairobi iko juu zaidi ya hapo, na hakuna anayeniuliza nilipumuaje Nairobi. Kilichonitesa ni ukavu. Midomo ilipasuka siku ya kwanza, na kila nikigusa chuma napigwa shoti ndogo ya umeme tuli, jambo ambalo Mombasa na jasho letu hulijui. Mafundi wa kule huhofia shoti hiyo isiue saketi. Hewa yao ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, hivyo feni za vyombo hupoza kwa shida kidogo. Sisi hewa tunayo nzito ya kutosha, ila ni ya moto na ina chumvi. Ndiyo maana muuzaji mmoja aliponisifia spika za bustani kwamba zimekaa nje miaka, nilimuuliza: nje ya wapi? Akaniambia hapa hapa Colorado. Nikamshukuru nikapita. Mimi nataka skrubu za stenlesi ya 316, ile inayohimili chumvi, na kiungo cha dishi kilichofungwa kwa mpira wa kujigandisha wenyewe, maana mabati ya kawaida huku Nyali hayamalizi msimu wa kusi bila kutu.

Mji ni mzuri lakini. Mbele ya ukumbi wa mikutano wamesimamisha dubu wa buluu, urefu kama mita 12, ameegemea kioo anachungulia ndani. Kila mgeni hupiga picha hapo kama wageni wetu wanavyopiga kwenye Pembe za Ndovu, yale matao ya barabarani hapa Mombasa. Na kutoka uwanja wa ndege, ambao uko mbali na mji, kuna treni inayokuteremsha kati kati.

Sasa, kama ni lazima kuna nilicholeta, ni mashine ndogo ya kuchapia lebo, na mazoea yaliyokuja nayo. Darasani tulisisitiziwa kwamba kila kebo iandikwe ncha zote mbili, jina la chumba na namba, ili fundi atakayekuja baada yako asivute waya wa watu kwa kubahatisha. Tangu Oktoba naandika kila kitu. Mama mmoja wa Bamburi, baada ya kufungua kabati la raki yake, amenipigia kulalamika kwamba nimemgeuzia nyumba duka la dawa.