Dawa za kifafa na mabadiliko ya kijana: maswali na majibu

Swali: Tangu aanze dawa za kifafa, mwanangu anasinzia darasani na wakati mwingine anayumba. Je, zinamdhuru?

Dawa hizi hutuliza seli za ubongo zinazofyatua umeme kupita kiasi, lakini haziwezi kuzigusa zenye hitilafu peke yake, ndiyo maana usingizi, kizunguzungu na uzito wa kufikiri hujitokeza, hasa katika wiki za mwanzo au dozi inapoongezwa, na mara nyingi hupungua mwili unapozoea. Kuyumba, kuona vitu viwili viwili au macho kuchezacheza ni jambo la kuripotiwa mapema, kwa kuwa kwa anayetumia fenitoini au kabamazepini huenda dawa imezidi katika damu. Kwa fenitoini, hata nyongeza ndogo ya dozi inaweza kupandisha kiwango hicho kwa ghafla.

Swali: Mbona amekuwa mkali, naye alikuwa mpole?

Hapa ndipo vijana wengi huonewa. Levetirasetamu inaweza kuleta hasira na huzuni. Fenobabitali, ambayo humlaza mtu mzima, inaweza kumfanya mtoto asitulie kabisa. Anayetumia topirameti anaweza kusimama mbele ya wenzake akitafuta neno analolijua vizuri asilipate, huku vidole vikimchonyota, na akaitwa mvivu. Kabla ya kumkaripia, angalieni kama mabadiliko yalianza baada ya dawa kuanzishwa au dozi kupandishwa. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za kifafa zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watumiaji wachache. Kijana akidokeza mawazo hayo, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Swali: Na mikono kutetemeka?

Valproeti husababisha hali hiyo, na mara nyingi hupungua dozi ikipunguzwa.

Swali: Basi aache dawa?

Hapana. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege la mfululizo, na degedege linalozidi dakika 5 ni dharura ya kuhatarisha maisha. Daktari ndiye atakayepunguza dozi, kuigawa upya au kubadilisha dawa hatua kwa hatua. Msaidieni kwa daftari lenye saa ya kumeza dawa na saa ya dalili, maana anayeona viwili viwili kila mara muda mfupi baada ya dozi ya asubuhi huenda akahitaji mgawanyo mwingine tu wa dozi. Naye kijana apewe nafasi ya kuzungumza na daktari faraghani, kwani yapo mambo ya moyoni ambayo hatayasema mbele ya mzazi.