Ufundi wa pembe na mfupa ni nini?

Ni ufundi wa kutengeneza vitu kutokana na sehemu ngumu za mnyama: vitana, vifungo, vijiko, sindano, mipini ya visu, baragumu. Kwa Kiswahili maana hiyo ina mtego, kwa sababu neno "pembe" limebeba vitu vitatu visivyofanana. Mdomoni, pembe ya ng'ombe, ya ayala (mnyama wa porini mwenye pembe za matawi) na ya ndovu ni jina moja. Mikononi mwa fundi kila moja ina tabia yake.

Pembe ya ng'ombe, mbuzi au kondoo ni ala ya keratini, dutu ileile ya kucha na nywele, iliyovikwa juu ya kiini cha mfupa. Fundi huiloweka wiki kadhaa mpaka utando unaoshikilia kiini uoze na ala ichomoke (harufu yake usiombe). Utamu wa kazi uko hapa: ikichemshwa au kupashwa moto hulainika, ikapasuliwa, ikakunjuliwa na kubanwa kati ya mbao mbili. Ikipoa hubaki bapa. Ikikwanguliwa mpaka iwe nyembamba hupitisha mwanga, ndiyo maana zamani huko Ulaya iliwekwa kwenye taa badala ya kioo.

Pembe ya ayala, ile yenye matawi, ni mfupa mtupu. Huanguka na kuota upya kila mwaka, hivyo mtu aweza kuiokota bila kuua mnyama. Moto hauikunji kama ya ng'ombe. Huchongwa kwa msumeno na tupa. Sifa yake ni kustahimili kishindo kuliko mfupa wa kawaida. Huko Star Carr, Uingereza, zilipatikana ncha za mikuki zenye miiba zilizochongwa kwayo miaka kama 11,000 iliyopita.

Mfupa wenyewe, hasa wa mguu wa ng'ombe, lazima utolewe uboho na mafuta, la sivyo hugeuka manjano na kunuka. Lakini utokoswe kwa moto mdogo: ukizidi, kolajeni, yaani protini inayoshikamanisha mfupa, huondoka na mfupa huwa mwepesi kukatika.

Pembe ya ndovu, kwa hakika, ni jino, na tangu uamuzi wa 1989 wa CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara yake ya kimataifa imebanwa vikali.

Ukikuta kifungo cha zamani usichokijua, kitazame kwenye mwanga. Vidoa vidogo vyeusi kama vitundu vya sindano ni dalili ya mfupa. Pembe ya ng'ombe haina.